Siku daftari liliporudi Rondo

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umefika kwenye ajenda ya michango, nami nimesimama na karatasi yangu mkononi, bibi mmoja aliponyoosha mkono. Ilikuwa mwezi wa tano. Ufuta ulikuwa umekatwa na bado umesimamishwa shambani ukikauka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na fedha, lakini kila mmoja alijua zinakuja. Ndiyo maana tulichagua siku hiyo. Nilikuwa nimeeleza, nikaona nimeeleza vizuri: upepo umeezua paa la kituo chetu cha mafunzo ya msitu upande wa magharibi, tangi linavuja, shule tatu zinakitegemea, basi kila kaya itoe shilingi elfu tano.

Bibi hakusimama, magoti yalikuwa yanamsumbua. Alisema palepale alipoketi, kwenye mkeka.

"Mama Mwalimu, mjukuu wangu aliwatembeza wale wageni siku kumi na mbili mle msituni. Mchana wanaandika, jioni wanaandika. Walichokiandika kiko wapi?"

Nikatafuta la kusema, nikakosa. Nikamtazama mwenyekiti, naye akamtazama mtendaji. Watu wakaanza kunong'ona, kisha kusema kwa sauti, na kabla ya adhuhuri mkutano ukaahirishwa bila hata shilingi moja kuahidiwa.

Funguo za kituo kile nimezishika miaka saba, nikiwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji. Semina nimehudhuria nyingi, posho nimesaini, madaftari yenye nembo ninayo kabatini. Hakuna semina iliyonifundisha kama swali la bibi yule. Najua wako wenzetu wa Masasi wenye vilima vyao vya mawe, na wa Newala na Tandahimba juu ya uwanda wa Makonde, wanaotamani mahali pa kufundishia watoto habari za misitu na pa kuwapokea watafiti. Nawaandikia hao kwanza.

Kwa asiyefika, Rondo ni uwanda wa juu ndani ya Mkoa wa Lindi, unaokaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ukiiacha barabara kuu ya Lindi kwenda Masasi ukaanza kupanda, pikipiki inazidi kunguruma na hewa inabadilika. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba sisi huku tunavaa sweta. Ukisimama ukingoni upande wa kusini, bonde la mto Lukuledi lote liko chini yako, na siku isiyo na ukungu unaona mbali hadi macho yanachoka. Msitu wa asili uliobaki juu huku sehemu yake kubwa ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Pembeni mwake vijiji vina misitu yao, ambayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaturuhusu kuihifadhi na kuisimamia wenyewe. Kituo chetu kiko kwenye msitu wa kijiji.

Humo ndani anaishi komba mmoja mdogo kuliko wote. Uzito wake ni kama gramu 60, mkia wake umesimama manyoya kama brashi ya kusafishia chupa za mtoto. Anapatikana katika misitu michache tu ya pwani, kuanzia huku kwetu Lindi na Mtwara hadi Pugu na Zaraninge kule kaskazini, na duniani kwingine hayupo. Wataalamu walipompa jina la kisayansi mwaka 1997 waliliingiza jina la uwanda wetu ndani yake: rondoensis. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka hamsini na tatu, tena kutoka kwa mgeni. Nilizaliwa huku.

Kituo chenyewe ni nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili, banda lisilo na kuta la kufundishia watoto, jiko, vyoo na tangi la maji ya mvua. Kilijengwa na mradi wa miaka mitatu. Mradi ulikuja na gari, jenereta, mahema na vijana wawili wenye shahada. Ulipokwisha, gari likaondoka, jenereta likaondoka, mahema yakaondoka, na vijana wakahamishiwa mkoa mwingine. Tulibaki na jengo na ubao wenye nembo nne. Hatukuwa na uchungu nao sana, kwa maana wale vijana walikuwa watu wema. Lakini tangu mwanzo hakuna aliyekaa na sisi akauliza: wakiondoka hawa, nani atapika? Nani atafyeka njia? Nani atalinda usiku? Na anayefanya hayo, atayafanya kwa ajili ya nini?

Jioni ya siku ile ya mkutano mzee mmoja alinifuata njiani. Akaniambia taratibu, "Usimwone bibi ana maneno. Hata mifupa ilikwenda hivihivi."

Kwa mtu wa Lindi hayo yanatosha. Kaskazini mwa uwanda wetu, kuelekea mto Mbwemkuru, kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya dinosaria. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha miaka michache tu kabla, nchi ina makovu na njaa haijasahaulika. Mamia ya watu wa huku walichimba, wakafunga, wakabeba kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, na kimo chake kinazidi mita 13. Jina la msimamizi wa wachimbaji limehifadhiwa, Boheti bin Amrani, na ni haki yake. Lakini waliobeba wengi hatuwajui. Baadaye Waingereza nao wakaja kuchimba, kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, na babu yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa wabebaji wao. Alipokuwa akisimulia, alisimulia uzito. Alisimulia bega lililovimba, na chumvi aliyonunua Lindi mjini kabla ya kurudi. Mnyama gani alikuwa ndani ya mzigo, hakuwahi kuambiwa. Mimi nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na moja katika mkoa huu, na sijawahi kumwonyesha mtoto hata mfupa mmoja wa Tendaguru.

Kwa hiyo bibi alipouliza, alikuwa anauliza swali lenye miaka mia moja.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Lindi mjini kutafuta taarifa ya mradi, ile waliyoiandika wale wageni. Ofisi ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakaniambia aliyekuwa nayo amehama. Nilirudi mikono mitupu mara mbili. Mara ya tatu kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniambia, "Shikamoo Mwalimu, hebu ngoja," akapiga simu mbili, na baada ya saa moja akanikabidhi nakala iliyochapwa, kurasa tisini na kitu, yote kwa Kiingereza. Jina la kijiji chetu lilikuwa limeandikwa vibaya. Mjukuu wa bibi hakutajwa. Waliandika tu kwamba wenyeji walionyesha njia.

Nilikaa na mwalimu wa sekondari wikendi nne mfululizo, tukatafsiri kurasa zilizohusu upande wetu. Mkutano uliofuata sikupeleka karatasi ya michango. Nilisoma. Nilisoma kwamba komba yule alisikika katika njia zote mbili za upande wa kijiji chetu. Nikasoma orodha ya miti, na watu wakawa wananisahihisha majina, wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akasimama akasema mti huo hauko pale mlipoandika, uko ng'ambo ya korongo. Nikasoma sehemu iliyosema moto wa kila mwaka unakausha ukingo wa msitu na kuusogeza ndani, mita kwa mita. Hapo kukawa kimya.

Nilipomaliza, bibi akauliza, "Na mjukuu wangu wameandika nini?"

Nikamwambia kweli. Kisha nikachukua kalamu mbele ya mkutano, nikaliandika jina la kijana juu ya jalada, na majina ya wenzake watatu chini yake. Bibi akaomba aishike ile taarifa. Hakujua kusoma. Aliishika hadi mkutano ulipokwisha.

Michango ilianza siku ile, na hakuna aliyeiomba. Fundi mmoja alisema atapanda darini mwenyewe kama misumari itapatikana. Mwenye duka akasema misumari ipo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini elfu tano zile zilikataliwa na kazi yenye thamani kubwa zaidi ikatolewa bila kuombwa, na sina maelezo mengine isipokuwa haya: mara ya kwanza tulikuwa tunawaomba watu walipie kitu cha wengine.

Sitaki kudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Fedha zetu za mwanzo, zilizotokana na wageni wachache waliolala kituoni na asali tuliyouza, tulikubali zikae nyumbani kwa mtu mmoja tuliyemwamini. Zilipotea zote. Simtaji, na lawama ni yangu pia, maana saini yangu ilikuwa kwenye uamuzi ule. Waliotuokoa ni akina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Wao siku zote wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya wote. Wakasema, leteni fedha zenu, mtakuwa mwanachama kama wengine, kituo kitanunua hisa. Hivi leo kituo kina kitabu chake cha hisa, na kila Jumamosi mtu mmoja wa kamati anakwenda kukaa kwenye mkeka na akina mama kuhesabu. Kila ninapoulizwa na vijiji vingine juu ya akaunti ya benki, nawaambia benki ni nzuri, lakini kwanza tafuteni sanduku linalofunguliwa hadharani.

Chakula kilikuwa kigumu kuliko fedha. Tulitaka watoto wa darasa la tano na la sita wawe wanalala kituoni siku tatu, wajifunze kusikiliza usiku na kutambua miti mchana. Watoto arobaini wanakula. Mradi ulikuwa unanunua mchele mjini na kulipa wapishi. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Tulipiga hesabu ya mchango kwa kila mtoto, tukaona wazazi wengi watawaacha watoto nyumbani.

Jibu lilitoka kwa wazee wa jando. Mzee mmoja alituuliza, kwa mshangao wa kweli, kwani watoto wanapokuwa jandoni chakula chao kinatoka wapi? Hakuna anayemlipa mpishi. Kila nyumba yenye mtoto inapika, na isiyo na mtoto msimu huu inapika pia, maana ilishapikiwa au itapikiwa. Chakula kinapelekwa kwa zamu, na kinaliwa na wote sahani moja, bila kujua cha nani ni kipi. Sisi watu wa Kusini tumekuwa tukiwatoa watoto nyumbani na kuwapeleka porini wakafundishwe tangu enzi za mababu. Unyago na jando ni nini kama si elimu yenye mahali pake, walimu wake na watu wa kuilisha? Sijui ni kwa nini hatukuliona. Labda kwa sababu neno kituo lilikuja na gari, tukadhani kila kinachokihusu lazima kije na gari.

Basi tukapanga zamu kwa vitongoji. Ugali wa muhogo, mbaazi, kisamvu cha nazi, njugu mawe msimu wake, na ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ikichimbwa. Akina mama walileta vyungu vyao wenyewe na kukaa. Kukaa kwao ndiko kulikobadilisha mafunzo. Walikuwa wanasikiliza mwalimu anaeleza mti, mmoja anaongeza kwamba mizizi yake bibi yake aliitumia kwa kuhara, mwingine anakataa, anasema ule ni mwingine unaofanana nao. Watoto wakawa wanaandika vyote viwili. Nikaacha kuwaita wapishi. Kwenye daftari la kituo wameandikwa walimu.

Mwaka wa tatu tulipata moto.

Ilikuwa mwezi wa tisa, nyasi zimekauka hadi zinalia zikikanyagwa, upepo unatoka kusini mashariki. Mtu alikuwa anasafisha shamba jipya upande wa bondeni. Ufuta unapenda ardhi iliyofyekwa upya. Mwaka wa kwanza unazaa vizuri, baada ya misimu michache magugu yanazidi na rutuba inapungua, mkulima anasogea mbele, na mbele yake ni msitu. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa bado mbali. Moto ulipanda mteremko saa nane mchana. Kengele ya shule ilipigwa, tukakimbia na matawi mabichi, majembe, mapanga. Tulikuwa tumefyeka barabara ya kuzuia moto upande wa shule na upande wa makaburi, lakini upande wa bondeni hatukufyeka, maana kitongoji kile hakikuwahi kuleta watu kwenye kazi. Moto ukaingia papo hapo.

Tulipambana hadi usiku wa manane. Banda la kufundishia liliungua lote. Nyumba ilipona kwa sababu vijana walipanda juu na kumwaga maji ya tangi, ndoo kwa ndoo, hadi likaisha. Alfajiri nilizunguka nikihesabu waliokuja. Walikuja wote ambao watoto wao waliwahi kulala kituoni. Walikuja vijana waongoza njia, na mmoja wao alikuwa mchoma mkaa zamani. Aliungua mkono na kovu analo. Kutoka bondeni hakuja mtu hata mmoja.

Kamati ilitaka kuwapeleka kwenye baraza la kata. Mimi pia nilikuwa na hasira, sitaficha. Mwenyekiti, mtu mpole, akasema twende kwanza tukakae nao. Tulikwenda watu wanne, bila mgambo.

Walitupokea vizuri, wakatupa viti. Kisha mzee wao akasema, "Mama, karibuni. Nyie mna kituo. Sisi tuna kima na nguruwe." Akatupeleka shambani. Mahindi yalikuwa yamevunjwa safu kwa safu, muhogo umefukuliwa. Wao ndio walio karibu na msitu kuliko sisi wote, wanakesha kwenye madungu kuanzia mahindi yanapobeba hadi wanavuna, na watoto wao wanasinzia darasani. Hakuna mgeni yeyote aliyelala kituoni aliyewahi kushuka kwao. Tulipopanga zamu za chakula na kazi ya kuongoza njia, tuligawana sisi wa juu. Hawakukataa kuja kuzima moto kwa chuki. Walikuwa wanazima upande wao, peke yao, na hatukujua.

Niliona aibu kubwa. Tangu siku hiyo nafasi mbili za kamati ni za bondeni, na waongoza njia wawili kati ya sita wanatoka huko. Tena tulikubaliana jambo ambalo naliona kubwa zaidi: kila mtafiti anayekuja, pamoja na shughuli yake, tunamwomba asaidie swali moja la kijiji. Swali la kwanza lilikuwa la bondeni. Wanyama wanaingia lini, wapi, na kipi kinawazuia? Watu wa kule walipewa madaftari, wakaandika misimu miwili, usiku kwa usiku. Mwanafunzi mmoja wa chuo akayapanga. Yakaonyesha kwamba nguruwe walikuwa wanatumia korongo mbili tu, na hasara kubwa ilikuwa kwenye mashamba ya pembeni yaliyolimwa moja moja, mbalimbali. Wakabadilisha, wakalima yakipakana, wakagawana zamu za kukesha. Kima bado wanasumbua. Lakini mwaka uliofuata barabara ya moto ya bondeni ilifyekwa na watu wa bondeni, upana wa hatua nane, na hatukuwatuma sisi.

Kuhusu watafiti, nina la kusema kwa vijiji vinavyodhani kwamba vibali vikishatoka Dar es Salaam basi wao hawana sauti. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni cha lazima na tunaomba kukiona. Lakini kumkaribisha mgeni ni shughuli ya wenyeji. Sisi tuna ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambao mtafiti anasaini pamoja na mwenyekiti: atamlipa mwongoza njia kila jioni, ataandika majina ya waliomsaidia, atasimama mbele ya shule au mkutano kabla hajaondoka aeleze alichoona mpaka hapo, na kazi ikikamilika ataleta nakala yenye muhtasari wa Kiswahili. Mkutano mkuu, ambao kwa sheria unakaa kila miezi mitatu, uliupitisha ukurasa huo. Mtafiti mmoja aliukataa. Tulimpa chai, tukamsindikiza hadi barabarani.

Na mmoja alifanya zaidi ya tulichoomba. Alikuwa binti kutoka Kanda ya Ziwa, akisoma shahada ya pili, aliyekaa wiki tano akimfuatilia komba. Kazi hiyo ni ya usiku. Unatembea njia ileile polepole na taa nyekundu, unatafuta macho yanayorudisha mwanga, unasimama, unasikiliza, unaandika saa na mahali. Alikuwa na kijana wetu, yule mwenye kovu. Binti alikuwa na kinasa sauti, kijana ana masikio. Mwishoni alituambia kijana alikuwa anamtambua komba wa Rondo na kumtenganisha na wengine kabla mashine haijamaliza kurekodi.

Akaondoka. Mwaka ukapita, na miezi mitatu. Nilishaanza kuandaa maneno ya kuwaambia watu. Kisha siku moja mwezi wa nane pikipiki ikasimama nje ya uwanja wa shule, akashuka, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alikuwa amebeba daftari. Alilichapisha kwa fedha zake, kurasa thelathini, Kiswahili kitupu, lina ramani ya njia zetu na majina tuliyoyapa sisi wenyewe. Jina la kijana liko jalada la mbele, chini ya lake, kwa herufi za ukubwa uleule.

Tuliita watu. Walijaa uwanja, na wa bondeni walipanda. Binti akaunganisha simu yake na spika ya shule, akasema atawasikilizisha msitu wao. Kwanza ilikuwa ukimya na wadudu. Kisha ikaja sauti, fupi, inarudiwa, kama kitu kinachoviringika mara mbili mbili.

Bibi alikuwa mbele kabisa, kwenye kiti alichowekewa. Akamshika mkono mtu wa karibu yake. "Huyo!" akasema. "Huyo alikuwa analia nyuma ya jiko la mama yangu. Nilikuwa sijamsikia tangu tulipohama." Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara nne. Kisha akaanza kueleza nyumba ya mama yake ilikuwa wapi, mti gani ulikuwa nyuma ya jiko, na mwaka gani ukakatwa na nani, na binti akakaa chini kwenye mavumbi akaandika. Sehemu ile leo ni shamba. Daftari lilipochapwa upya lina ukurasa wa thelathini na moja, na umeandikwa jina la bibi.

Nakala za kwanza tulizoweka rafuni ziliharibiwa na mchwa, na hilo mlijue mapema ninyi mnaojenga: karatasi milimani huku haiwekwi kwenye mbao. Sasa ziko kwenye sanduku la bati juu ya matofali. Zimo kazi nne. Mtoto yeyote akija na mikono iliyonawa anaruhusiwa kufungua, na ninayoyaona yamechakaa kuliko mengine ni ramani ile na ukurasa wa thelathini na moja.

Banda lilijengwa upya, safari hii kwa nguzo zilizoletwa na bondeni. Tangi lilizibwa. Paa la magharibi linahitaji bati sita nyingine kabla ya mvua, na hatuna jenereta, wala sijasikia mtu akililia. Funguo nimemkabidhi kijana mwenye kovu mwezi uliopita, kwa sababu macho yangu usiku hayafai tena, ila daftari la wageni bado naandika mimi.

Watoto wa darasa la sita wameanza jambo lao. Waliposikia habari za Tendaguru waliuliza kama haiwezekani kupata japo nakala ya plasta ya mfupa mmoja, wa mguu, waupime kwa vimo vyao. Barua ya kwanza niliandika mimi na haikujibiwa. Ya pili wameandika wenyewe, wakaweka majina yote arobaini na mbili chini, na wakaongeza la Boheti bin Amrani juu, kama wanaandika kwa niaba yake. Sikulifuta.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ijayo, ufuta haujaingia mnadani. Mtendaji ameniletea karatasi ya ajenda niipitie. Kituo kina vipengele viwili. Cha tatu: mrejesho, dakika arobaini. Cha nane: bati sita.